Sarafu Tisa Mbele ya Kioo

Jumatatu, 3 Juni

Barua ya chama cha wanamazingaombwe imefika. Niliisoma nimesimama. Kisha nikaisoma nimekaa. Haikubadilika.

Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbini, mbele ya watu waliokata tiketi, mimi na Glavu tutashindana. Mshindi ndiye atakayefunga Onyesho Kuu la mwaka, na picha yake itatundikwa kwenye ukuta wa chama pamoja na za waasisi. Kuhusu upande wa kushindwa Mwenyekiti ameandika kwa upole, lakini ameandika. Nimeshindwa mara mbili. Nikishindwa ya tatu nitakabidhi fimbo yangu na kuwa mwanachama wa viti. Yaani wenzangu watapanda jukwaani, mimi nitapanga viti. Fimbo ile niliichonga mwenyewe kutoka mguu wa kiti cha marehemu baba, na wanataka kuitundika stoo!

Glavu, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikiwa sipo, ni mwanamazingaombwe anayevaa glavu nyeupe na kutoa mayai kwenye kofia. Basi. Mayai. Kuku hufanya hivyo kila siku bila tiketi.

Sina wasiwasi. Nina Sarafu Tisa. Zinakaa mkono wa kulia, zinahamia wa kushoto, zinapotea moja baada ya moja, mikono mitupu, watu hoi. Nimeifanyia mazoezi miezi saba mbele ya kioo cha kabati la mama mkwe, ambalo nililihamishia sebuleni kwa muda. Na sasa nimefika mahali ambapo hata mimi mwenyewe sioni sarafu inakwenda wapi. Natazama kioo kwa makini: sarafu ipo, sarafu haipo. Na mimi ndiye ninayeificha! Kama mwenye siri haioni siri yake, mkata tiketi ataionea wapi?

Mke wangu ameuliza kabati litarudi lini chumbani kwa mama yake. Nimesema baada ya ushindi.

Jumanne, 4 Juni

Kazini. Kuuza miwani kuna faida moja kubwa kwa msanii, nayo ni vioo. Viko ukutani, mezani, vingine vya kushika mkononi. Kwa siku napata mazoezi arobaini kati ya mteja na mteja, na mengine mbele ya wateja wenyewe.

Leo alikuja mama mmoja kuchagua fremu. Nilimpotezea sarafu hapo hapo kaunta, bure, zawadi ya duka. Akatazama mkono wangu. Akatazama mfuko wa koti langu, upande wa kushoto. Akauliza kama fremu ile ipo ya rangi ya kahawia. Watu wengine hawana shukrani. Watoto ndio kabisa. Mwezi uliopita niliitwa kwenye sherehe ya kuzaliwa, watoto ishirini wakapiga kelele "Mfukoni! Mfukoni!" tangu mwanzo hadi mwisho. Sijui watoto wa siku hizi wanafundishwa nini shuleni, wanapenda mifuko kupita kiasi.

Ni kweli kwamba sarafu huingia mfukoni. Mfuko huo nimeushonea ndani vitambaa vya kufutia lenzi, vinne, ili sarafu zisigongane. Lakini hiyo ni siri, na haionekani.

Mpima macho, ambaye ndiye mwenye duka, alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Akasema jambo la ajabu. Alisema kila ninapohamisha sarafu nafumba macho. Si kupepesa, alisema, ni kufumba, kama mtu anayemeza dawa chungu. Anadhani nimejizoeza hivyo kwenye kioo bila kujua, ili nisijione ninapoificha, na kwa miezi yote hiyo mtu pekee niliyemdanganya ni mimi.

Nilimshukuru kwa adabu, maana mshahara unatoka kwake. Lakini tuseme kweli. Mtu anayechungulia macho ya watu kutwa nzima ataona tatizo la macho hata kwenye kitasa cha mlango. Angekuwa fundi viatu angesema nachechemea.

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa! Adui amejileta mwenyewe.

Saa nne asubuhi Glavu aliingia dukani. Suti ya vipande vitatu, glavu mfukoni. Anataka miwani yake ikazwe kabla ya Jumamosi kwa sababu inalegea kidogo. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akasema ananitakia heri. Unafiki wa kiwango cha juu.

Kisha akainamia kaunta, akatazama huku na huku, akagusa jicho lake kwa kidole. Mara mbili. Akanitazama kama mtu mwenye huruma.

Lazima nieleze. Kanuni ya Saba ya chama chetu inakataza mwanachama kumwambia mwenzake kwamba siri yake inaonekana. Ni kanuni nzuri, inalinda heshima. Basi mtu akiwa na la kusema anabaki na ishara. Nami ishara ile niliielewa mara moja: macho yangu yako kwako, jihadhari. Amenitisha dukani kwangu, mchana kweupe!

Nikamwambia miwani itakuwa tayari baada ya dakika kumi. Nikaingia nayo nyuma. Nikachukua bisibisi ile ndogo kuliko zote, na badala ya kukaza nikalegeza, mkono wa kulia robo mzunguko na wa kushoto robo mzunguko. Mtu akiivaa na kusimama wima, haina neno. Akiinama tu, kwaheri. Na Glavu anapofika mwisho wa mchezo wake huinama juu ya kofia.

Alijaribu miwani, akasifu kazi yangu, akaondoka. Nilipiga mluzi hadi saa ya kufunga. Mpima macho akaniuliza nina nini. Nikasema naipenda kazi yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Kikulacho ki nguoni mwako. Leo ni mke wangu.

Baada ya kula niliwakalisha yeye na mama yake sebuleni, nikawafanyia Sarafu Tisa zote. Nilipomaliza nikasubiri. Chamani ungesikia "Aa!" Ndiyo Kanuni ya Nne: mwanachama akifanya mazingaombwe, wenzake watasema "Aa!" kwa mshangao hata kama siri wanaijua. Kwa miaka minne nimepata "Aa!" zisizo na idadi. Nyumbani nilipata kimya, na mama mkwe akikuna goti.

Mke wangu akasema taratibu kwamba nafumba macho.

Nikamuuliza amezungumza na mpima macho lini. Akasema hajawahi kuzungumza naye. Akasema ameliona hilo tangu mwezi wa kwanza, na alinyamaza kwa sababu nilikuwa na furaha, ila sasa wanataka kunichukulia fimbo ya baba na hawezi kunyamaza tena. Nikasema wenzangu chamani hushangaa kila wiki. Akanijibu kwa sauti ya chini.

"Wenzako wanashangaa kwa kanuni, mume wangu. Hawa wa Jumamosi wamekata tiketi."

Nakiri hapa, mahali ambapo hakuna atakayesoma nikiwa hai: niliogopa. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti nimeshika fimbo, nikajiona nimebeba viti viwili viwili huku Glavu akipigiwa makofi.

Lakini mimi si mtu wa kuamini maneno bila ushahidi. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati kufanya uchunguzi wa kisayansi. Nilihamisha sarafu mara thelathini, nikiyatazama macho yangu tu, si mikono. Mara thelathini! Na sikuyaona yamefumba hata mara moja. Kila nilipoyatazama yalikuwa wazi.

Nikamwita mke wangu nimweleze matokeo. Akasema anakwenda kulala. Mtu akishindwa kwa hoja ndivyo anavyofanya.

Ijumaa, 7 Juni

Mkakati wa mwisho. Nimemwajiri mama mkwe.

Biashara hii ina siri ambayo watu wa nje hawaijui: nusu ya mazingaombwe hufanyika kwenye viti vya watazamaji. Mtu mmoja akishangaa kwa sauti, kumi watamfuata, na mia watafuata wale kumi. Kanuni zinakataza kumpanga jamaa yako, lakini nani atajua? Mama mkwe hajawahi kufika ukumbini. Ana sura ya mtu mwaminifu, na zaidi ya hapo ana sauti.

Nikampa maelekezo. Akae mstari wa mbele. Nitamwita jukwaani kama mgeni kabisa. Nitamuuliza kama tunafahamiana, yeye aseme hapana. Ataikagua sarafu ya tisa, ataitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha, atarudi kukaa. Ikipotea, ashangae.

Akauliza yeye anapata nini. Nikasema utukufu wa sanaa. Akasema anataka kabati lake. Miezi saba nguo zake ziko kwenye maboksi, na kila akitaka kitenge lazima apige magoti. Tukakubaliana: Jumapili kabati linarudi.

Nikamwomba afanye mazoezi ya kushangaa. Alikataa, akasema atashangaa siku yenyewe pakiwa na sababu.

Jumamosi, 8 Juni

USHINDI! Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa, watu mia mbili na zaidi. Chama chote mstari wa pili, Mwenyekiti katikati. Stoo ilikuwa wazi nyuma ya jukwaa, na ukutani niliona msumari mpya. Msumari wa fimbo yangu. Walikuwa wameshaupigilia!

Glavu akatangulia. Mayai, mayai, mayai. Nikasubiri ainame. Akainama. Miwani ikateleza puani na kutumbukia ndani ya kofia, sawasawa na hesabu zangu. Glavu haoni kitu bila miwani. Akaingiza mkono kutafuta yai, akatoa miwani. Watu kimya. Akaitazama miwani kwa mbali, kisha kwa karibu, akaivaa, akaingiza mkono tena, akatoa yai, akalikagua kupitia miwani kama daktari. Ukumbi ukalipuka! Wakasimama! Kazi yangu ya bisibisi, makofi yake! Dunia haina haki, na wakati ule nilikuwa na dakika mbili tu za kulitafakari hilo.

Nikapanda. Nikainua fimbo ya baba. Nikasema namwita mtu yeyote, yeyote kabisa, kwa mfano yule mama wa mstari wa mbele. Mama mkwe akapanda taratibu na mkoba wake. Nikamuuliza kwa sauti ya jukwaani:

"Mama, mimi na wewe tunafahamiana?"

Akanitazama. Akawatazama watu. Nadhani aliyakumbuka maboksi yake.

"Kwa bahati mbaya, baba," akasema.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akainua mkono, akauliza kama huyu ni jamaa yangu. Mama mkwe akajibu mwenyewe kwamba ni mkwewe, kwamba amemuozesha binti yake na kumwazima kabati. Mwenyekiti akanong'onezana na wenzake, akatangaza kwamba kanuni inakataza jamaa wa siri, na huyu si wa siri tena. Niendelee. Hapo nikajua mbingu ziko upande wangu.

Mama mkwe akatia alama, akarudi kukaa. Nikaanza.

Sarafu ya kwanza ikapotea. Kimya. Mtu mmoja nyuma akasema "Mfukoni," nami nikamsamehe. Ya pili, kicheko kidogo. Ya tatu, kikubwa. Ya nne, watu walikuwa wanashika mbavu. Nimewahi kusikia kwamba mshangao ukizidi mwilini hutoka kwa njia ya kicheko, sasa nimelishuhudia. Mke wangu alikuwa anafuta machozi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hajawahi kutoa chozi kwa ajili ya sanaa yangu!

Ndipo likatokea la ajabu. Baada ya sarafu ya tano niliona watu wa mstari wa mbele wanafumbua macho. Kana kwamba walikuwa wameyafumba. Baada ya sita, mstari wa pili nao, chama kizima, Mwenyekiti pia. Baada ya saba wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, na nilipohamisha ya nane na kutazama, ukumbi mzima ulikuwa unafumbua macho kwa pamoja. Nilikuwa nimewapumbaza! Watu mia mbili wamelala na kuamka kwa amri ya mkono wangu! Sikujua nina uwezo huo. Na sikuuamrisha, umekuja wenyewe.

Ikabaki ya tisa, ile nyekundu. Hakuna aliyekohoa. Nikainama kidogo kwa heshima, maana walistahili, na nikiwa nimeinama hivyo hivyo nikahamisha.

Nikatazama. Wakafumbua. Nikafungua mkono wa kulia, mtupu. Wa kushoto, mtupu.

Mtu akapiga kelele, "Tuonyeshe mfuko!" Hilo ni kinyume cha kila kanuni, lakini Mwenyekiti alipanda jukwaani kwa miguu yake mwenyewe, akaingiza mkono mfukoni mwangu na kutoa sarafu mezani moja moja. Nilifikiri nimekwisha. Akahesabu nane. Akageuza mfuko nje, vitambaa vya lenzi vikaning'inia. Nane. Akapekua mifuko mingine, akapapasa mikono ya koti, akanivua viatu. Ile nyekundu haipo. Akauliza ukumbi nani ameiona ilikokwenda. Hakuna hata mmoja. Wote walikuwa wamefumba!

Akaniuliza kwa kunong'ona iko wapi. Sikujua. Kweli tupu, sikujua. Nimeficha sarafu maisha yangu yote, na leo kwa mara ya kwanza moja imepotea kweli. Nilihisi baridi mgongoni, na nilifurahi kama sijawahi kufurahi.

"Aa!" akasema Mwenyekiti. Hiyo haikuwa ya kanuni.

Ukumbi ukarindima kwa makofi. Glavu alikuwa wa kwanza kusimama, miwani mkononi. Alinikumbatia, akasema tangu aanze kazi hii hajaona kichekesho kilichopangwa vizuri namna ile, na alinigusia jicho dukani kwa sababu alidhani sijui ninachofanya. Akaomba radhi. Nimemsamehe, ingawa ni wazi hakuelewa alichokiona. Nyani haoni kundule.

Nitafunga Onyesho Kuu. Picha yangu itakaa ukutani. Msumari wa stoo Mwenyekiti ameung'oa mwenyewe kwa koleo. Mcheza kwao hutunzwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mshindi. Hata chai ilikuwa na ladha tofauti.

Mama mkwe akaja mezani, akafungua mkoba, akaweka sarafu karibu na kikombe changu. Rangi nyekundu ya kucha juu yake. Ile ile!

Mazingaombwe yangu yameruka jukwaa, yameruka mstari wa mbele, yameingia ndani ya mkoba uliofungwa zipu! Mama mkwe akasema hakuna kilichoruka. Alisema nilipoinama sarafu ilipita nje ya mfuko, ikabingirika hadi kwenye kiatu chake, akaikanyaga. Akaiweka mkobani kama dhamana ya kabati, kwani ananijua. Nikamuuliza kwa upole kama alikuwa amefumba macho kama wengine. Akasema hapana, yeye peke yake hakufumba, alikuwa anachunga kabati.

Nimemwacha na maelezo yake. Ni mtu mzima, jana alichoka sana. Mimi najua kilichotokea.

Hata hivyo ahadi ni deni. Mimi na mke wangu tukasukuma kabati hadi chumbani kwa mama yake. Mke wangu alikuwa mchangamfu, akaniambia amefurahi kwamba fimbo imebaki nyumbani. Kisha akasema, kama rafiki, kwamba watu walifumba macho kwa kuniiga, na kwamba niendelee hivyo hivyo, mchezo ni mzuri, mradi nijue nafanya nini. Nikambusu shavuni. Mtu wa karibu ndiye hushindwa kuona ukubwa wako.

Sebule sasa inaonekana tupu. Kwa bahati nzuri kabati letu sisi nalo lina kioo, na ni kirefu zaidi.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimepigwa picha ya ukutani, pale pale ukumbini. Nilivaa koti la ushindi, fimbo mkono mmoja na sarafu mkono mwingine. Mwenyekiti alitaka picha ichukuliwe nikiwa kazini, sarafu ikiwa njiani. Pia ameniomba niwafundishe wanachama wapya jinsi ya kufanya mazoezi peke yao, nami nimekubali. Somo la kwanza litakuwa kioo.

Mpiga picha ni kijana wa mjini mwenye kamera kubwa na sifa nyingi. Hovyo kabisa! Picha ya kwanza, nimefumba macho. Nikamwambia amebonyeza vibaya. Ya pili, nimefumba. Nikamwelekeza asubiri hadi sarafu iwe inahama hasa, ndipo abonyeze. Ya tatu, nimefumba. Akarudia hadi zikafika sita, na mara zote sita alikosea kwa namna ile ile, sekunde ile ile.

Alijaribu kunieleza kwamba tatizo si kamera. Wanasema hivyo wote. Mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni, ameziba mdomo kwa leso, nadhani kwa aibu ya kumleta mtu wa namna hiyo. Mwishowe akachagua ya nne, ikatundikwa. Mimi katikati ya waasisi, fimbo juu, macho yamefumba, kwa kosa la mtu mwingine.

Sikumkasirikia. Mshindi hana haja ya hasira. Nilimvuta pembeni, nikamwambia kwa uzoefu wangu kwamba mtu akikosea jambo lile lile mara sita mfululizo, shida ni kwamba hajiangalii anapofanya kazi. Nimemshauri anunue kioo.